Kutoka Kutendewa hadi Kutenda: Tafakuri Kuhusu Mkono wa Shangazi

Mtu yeyote aliyepitia shule zetu nchini Kenya anaukumbuka mnyambuliko wa vitenzi. Kutenda, kutendea, kutendwa, kutendewa, kutendesha, kutendeka: tulizikariri kauli hizi hadi zikawa kama wimbo wa gwaride. Wengi waliamini kwamba ni mali ya mtihani, na kwamba mtahini akishazisahihisha hazina kazi nyingine duniani. Katika makala haya ninakusudia kumwonyesha msomaji mahali pengine ambapo kauli hizo zinaishi, tena zinaamua mambo mazito kuliko alama. Mahali hapo ni chumba cha tiba ya viungo.

Huenda msomaji akajiuliza: mwanafunzi wa fasihi ametafuta nini huko? Swali ni la haki. Mimi si tabibu wala sina nia ya kuvaa koti jeupe la wenyewe. Ninasomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili hapa Njoro, na vitabu vyangu ni riwaya na tenzi. Lakini mwaka 2022 shangazi yangu, mkulima wa Molo, alipata kiharusi, na kwa miezi minane nikawa msindikizaji wake kila siku ya kliniki mjini Nakuru. Niliingia nikiwa mbeba mkoba. Nilitoka nikiwa na maswali ambayo naona yanatuhusu sisi wanachama wa chama hiki kuliko yanavyowahusu madaktari.

Tuanze na namna tunavyousema ugonjwa wenyewe. Katika Kiswahili mtu “hupigwa” na kiharusi. Hiyo ni kauli ya kutendwa; mpigaji haonekani, na aliyepigwa hana la kufanya ila kuanguka. Kisha tunasema “amepooza”, kitenzi kile kile tunachokitumia kwa biashara isiyo na wateja na soko lisilo na watu. Na mara nyingi hatusemi kwamba mkono umepooza, bali mtu mzima. Hivyo, kabla daktari hajapima lolote, lugha imekwisha kutoa hukumu: huyu ametendwa, na sasa amelala.

Shangazi aliporudi nyumbani kutoka wodini, mkono wake wa kulia ulikuwa mzito na mguu wa kulia ukiburutika. Binti zake walimpokea kwa mapenzi ambayo sitaki mtu ayadharau. Walimlisha. Walimnywesha. Walimwogesha, wakamvisha, wakamkalisha juani asubuhi na kumlaza jioni. Msomaji mwenye sikio la sarufi ameshaisikia kauli inayotawala: ni kutendesha. Kula kumekuwa kulisha, kuvaa kumekuwa kuvisha, kulala kumekuwa kulaza. Katika kila sentensi ya nyumba ile shangazi alikuwapo, lakini akiwa kiambishi cha mtendwa, ile “m” ndogo iliyobanwa katikati ya kitenzi. Mtenda alikuwa mtu mwingine. Mwanamke aliyeamka alfajiri kwa miaka arobaini kukama ng'ombe alikuwa amehama kutoka mwanzo wa sentensi.

Mtaalamu aliyempokea katika hospitali moja ya umma mjini Nakuru alikuwa kijana wa umri wangu. Hapa inafaa nieleze kwamba fani hizi ni mbili, ingawa watu huziweka katika kapu moja. Fiziotherapia, ambayo wagonjwa huiita “fizio”, hushughulikia hasa nguvu, usawa na mwendo wa mwili: kukaa, kusimama, kutembea, kunyosha kiungo kilichokaza. Tiba ya kazi hutazama kile ambacho mtu anakitaka mwili wake ukifanye katika maisha yake: kuoga, kupika, kuandika, kulima, kubeba mtoto. Fani hii ya pili ilipata chama chake cha kwanza nchini Marekani mnamo Machi 1917, katika jimbo la New York, kwa msingi kwamba shughuli yenye maana kwa mtu inaweza kuwa dawa. Hapa kwetu fani zote mbili hufundishwa katika chuo cha KMTC, na kila moja ina sheria yake: Sheria ya Wanafiziotherapia ya mwaka 2014 na Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Kazi ya mwaka 2017.

Jina hilo la “tiba ya kazi” lilizua tafrani siku ya kwanza. Binti mkubwa wa shangazi alipolisikia alikunja uso. Mama ni mgonjwa, akasema, na nyinyi mnataka kumpa kazi? Hakuwa mjinga. Kwa masikio yake, kazi ni jembe, ni kibarua, ni jasho la kuuzwa kwa mwenye shamba. Kiswahili, hata hivyo, kinaijua kazi nyingine. Wasomaji wa Shaaban Robert watamkumbuka Utubora, aliyeiacha ajira na kulichagua jembe kwa sababu ndani ya kazi hiyo aliuona utu wake. Maana hiyo ndiyo aliyokuwa nayo yule kijana. Alimgeukia shangazi, akaketi ili macho yao yawe sawa, akamwuliza:

“Mama, kabla ya ugonjwa huu, mikono yako ilikuwa ikifanya nini?”

Shangazi alikawia kujibu, kwa maana ulimi nao ulikuwa mzito. “Ilichuma pareto,” akasema hatimaye. “Ilikama. Ilipukuchua mahindi.”

“Basi ng'ombe hatuna hapa, lakini sponji tunayo. Na mahindi tutayatafuta.”

Vitenzi vitatu, vyote katika kauli ya kutenda, na mtenda ni mkono wake mwenyewe. Juma lililofuata kijana alileta gunzi lenye punje zake, na shangazi akapewa kupukuchua. Siku ya kwanza zilianguka punje nne. Mimi niliyezoea kuhesabu mizani za shairi nilijikuta nikihesabu punje za mahindi.

Lazima niseme jambo kuhusu lugha iliyotumika pale. Shangazi ni Mkikuyu na kijana yule ni Mkalenjin. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Molo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana, na shangazi mwenyewe aliishi kwa miezi katika kambi ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru mwaka 2008 kabla ya kurejea shambani. Sisemi kwamba kliniki ilifuta hayo. Nasema tu kwamba tiba ya viungo haiwezekani bila kuguswa, na kumruhusu mtu akushike bega linalouma ni kumwamini. Lugha ya mama ya mmoja ingemwacha mwenzake nje. Kiingereza kingemwacha shangazi nje. Waliaminiana kwa Kiswahili. Hadhi ya Kiswahili kama lugha ya taifa na lugha rasmi imeandikwa katika Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010. Pale kliniki niliiona hadhi hiyo ikifanya kazi bila kunukuliwa.

Je, mazoezi haya yana msingi wowote wa kisayansi, au ni faraja tu? Nilisoma nilichoweza kusoma. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub alieleza kwamba kiungo kikidhoofika, mwenyewe hujaribu kukitumia, akashindwa, na baada ya kushindwa mara nyingi huzoea kutokukitumia hata pale ambapo uwezo fulani umesharejea. Mwaka 2006 yalichapishwa huko Marekani matokeo ya utafiti ulioitwa EXCITE, uliowahusisha watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, na ambao bado waliweza kuinua kifundo na vidole vya mkono kidogo. Kundi moja lilivaa glovu nene kwenye mkono mzima kwa sehemu kubwa ya mchana kwa wiki mbili, huku mkono dhaifu ukizoezwa kazi. Mkono huo uliimarika kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Kwa maneno ya darasani, mkono uliachishwa kutendewa, ukalazimika kutenda.

Lakini sayansi hiyo hiyo inatuonya tusiwe na papara. Mwaka 2015 utafiti mwingine, AVERT, uliowahusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, ulichunguza kama ni heri kumtoa mgonjwa kitandani mapema sana na mara nyingi, kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza. Waliofanyiwa hivyo walipata matokeo mabaya kuliko waliopata huduma ya kawaida. Haraka haraka haina baraka. Wahenga walisema bila kupima, na wapimaji wakawaunga mkono.

Fundisho la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Nchini India, ambako wataalamu ni wachache kama kwetu, watafiti waliwafunza jamaa za wagonjwa kufanya mazoezi nyumbani. Utafiti huo, ATTEND, ulichapishwa mwaka 2017 na ulikuwa na wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati ya waliosaidiwa hivyo na wasiosaidiwa. Nilisononeka nilipousoma, kwa maana ulinibomolea ndoto rahisi: kwamba mapenzi ya jamaa na karatasi ya maelekezo vinatosha kuziba pengo la wataalamu. Havitoshi. Shirika la Afya Duniani lilipozindua mpango wake wa Urekebishaji 2030 mnamo Februari 2017, lilizitaka serikali ziiweke huduma hii ndani ya mifumo ya afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2.4 hivi, yaani takribani mtu mmoja kati ya watatu duniani, walikuwa na hali ambayo ingefaidika na tiba ya aina hii.

Hapa katika Bonde la Ufa la kati hatuhitaji takwimu za mbali ili tuelewe. Tunaishi kando ya barabara kuu iendayo Eldoret. Mnamo tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka Sachang'wan, karibu na Molo, lilishika moto wakati watu walikuwa wakichota mafuta, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Magazeti huhesabu waliokufa, na ni wajibu wao. Lakini aliyeungua mkono akapona ana safari nyingine isiyoandikwa. Kovu linapokomaa hukaza na kukivuta kiungo. Vidole visipofungwa banzi na kunyoshwa kwa subira, hujikunja visifunguke tena. Ni hivyo hivyo kwa kijana wa bodaboda aliyevunjika paja Salgaa na kwa mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo Subukia. Uhai ukishaokolewa, bado kuna swali la utaishije, na swali hilo hujibiwa taratibu, katika chumba chenye mkeka na ngazi ya mbao ya hatua tatu.

Sasa nirudi kwenye lugha. Karatasi ya mazoezi aliyopewa shangazi ilikuwa ya Kiingereza. Niliombwa niitafsiri ili ibandikwe jikoni. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua majuma mawili na mashauriano mengi na yule kijana. Tatizo la kwanza lilikuwa jina la mkono wenyewe. Nyumbani waliuita “mkono mbovu”. Lakini kibovu ni kitu cha kutupwa, kama yai au paa la nyumba. “Upande ulioathirika” ulikuwa sahihi na baridi, lugha ya taarifa ya polisi. Aliyetuokoa ni shangazi mwenyewe. Yeye alisema “mkono uliolala”. Kilicholala huamshwa. Tuliandika hivyo, na kijana akaanza kulitumia neno hilo kwa wagonjwa wengine.

Tatizo la pili lilikuwa amri. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa imejaa vitenzi vya kuamuru. Lakini ni nani katika nyumba ile angemwambia mama yake “Kaa! Inama! Simama!” bila kuonekana hana adabu? “Ukae, uiname” ilikuwa laini zaidi, ila bado kuna mtu anayesema na mtu anayetii. Hatimaye tuliandika katika nafsi ya kwanza: “Ninavuta miguu nyuma. Ninainama mbele hadi pua ivuke magoti. Ninasimama. Nikichoka, ninapumzika.” Kwa hiyo binti aliposimama kando yake, hakuwa na amri ya kutoa. Shangazi aliisoma mwenyewe kwa sauti, ulimi nao ukipata zoezi lake, na kila sentensi ilianza na yeye.

Chini yake tuliandika mambo mawili kwa ajili ya jamaa, ambayo kijana aliyasisitiza: mkono uliolala usivutwe mtu anapoinuliwa, kwani bega huweza kuteguka, na usikandwe kwa maji moto sana, kwa maana ngozi iliyopungukiwa na hisia huungua bila mwenyewe kujua. Desturi yetu ya kukanda ina nafasi yake, lakini kwanza maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima.

Tatizo la tatu ni letu sote, nalo ni istilahi ya huduma nzima. Wengine husema “ukarabati”, neno tulilolizoea katika majengo na barabara. Wengine husema “urekebishaji”, ambalo katika masikio ya Wakenya wengi huandamana na watoto watukutu na walevi wanaopelekwa katika vituo vya kurekebishwa. Wenzetu wa Tanzania husema “utengamao”. Nimelipima neno hili nikaona linatuzidi. Kukarabati na kurekebisha ni vitenzi elekezi: yupo fundi na kipo kitu kilichoharibika. Kutengamaa hakuhitaji yambwa. Mtu hutengamaa mwenyewe, akatulia na kuwa katika hali njema; wengine humsaidia, lakini hawamtengamai. Istilahi hii inamrudisha mgonjwa mwanzoni mwa sentensi, nami napendekeza tuikubali.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mapambo ya maneno na kwamba mgonjwa anahitaji nauli, si istilahi. Nauli anaihitaji, tena sana. Katika mwezi wa sita safari za shangazi zilipungua kutoka mara mbili kwa juma hadi mara moja, kwa sababu matatu kutoka Molo hailipwi kwa methali. Lakini maneno si mapambo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na papo hapo haki ya kuitwa na kutajwa kwa njia isiyomdhalilisha. Watunga Katiba waliliweka suala la namna ya kutajwa katika kifungu kimoja na elimu na usafiri. Sisi tunaofundishwa kwamba kilema, kiwete na kiziwi yamejengwa kwa kiambishi cha vitu hatuwezi kusema suala hilo si letu.

Shangazi hakupona kabisa, na nisingependa makala haya yaishe kama ngano. Hawezi kukama, kazi hiyo sasa ni ya mwanawe. Hutembea kwa mkongojo, na siku za baridi mguu hukaza. Lakini hufunga vifungo vyake, hula kwa mkono wake, na hupukuchua debe la mahindi kwa siku mbili, mkono mzima ukishika gunzi na ule uliolala ukifanya kazi. Binti zake wamejifunza jambo gumu kuliko kulisha: kukaa kando wakitazama kijiko kikitetemeka, bila kukichukua. Hiyo nayo ni huduma. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kutenda kwa mgonjwa kunahitaji wengi wanaojua lini wasaidie na lini wangoje. Labda ndiyo maana ya kauli moja ambayo sikuitaja mwanzoni, kutendeana.

Kwa hivyo nina ombi kwa chama chetu. Kila mwaka tunaandaa kongamano, tunakariri mashairi na kujadili istilahi za isimu. Natuteue wanachama wachache, tuwaendee wataalamu wa tiba ya viungo na tiba ya kazi wa Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha, tuwaombe karatasi zao za mazoezi, tuzitafsiri na kuwarudishia wazikague. Tukusanye pia maneno ambayo wagonjwa wenyewe wameyabuni, kabla hatujabuni yetu. Tafsiri haitachukua nafasi ya mtaalamu. Utafiti wa India umetuonya. Lakini mtaalamu akiwa mmoja na foleni ikiwa ndefu, dakika kumi anazopata na kila mgonjwa zisipotee katika kutafuta maneno. Karatasi ya kwanza iko tayari, na yeyote anayetaka kuisoma, kuikosoa au kuiboresha ataipata kwangu.